Ukipita Mikumi na Kitonga kwa mara ya kwanza

Kila Desemba barabara ya Morogoro hadi Mbeya hujaa magari madogo yenye madereva wasioijua. Leseni na bima wanazo, huko siendi. Shida ni kuendesha barabara ngeni kama ile ya kwenda kazini.

Mikumi, barabara kuu inakatiza hifadhi kwa takribani kilomita 50. Mwendo uliopangwa humo si wa kujadiliana, kwani ukimgonga mnyama utalipa, na kiwango kinategemea ni mnyama gani. Kuwarushia nyani ndizi dirishani nako ni kuwafundisha kukaa lamini wakisubiri gari lijalo.

Ruaha Mbuyuni kuna vitunguu vizuri, nunua. Ila toa gari lote nje ya lami. Nimewakuta watu wanapatana bei ya kiroba, matairi mawili yapo barabarani, mlango wa dereva wazi, na lori la mizigo linakuja nyuma yao.

Kitonga, mnaotoka Iringa, shukeni kwa gia ile ile ambayo mngepandia. Anayeweka nyutro ili kuokoa mafuta anabaki na breki peke yake, nazo zikishapata moto hazishiki. Usilipite lori konani kwa sababu tu utingo amekupungia mkono. Yeye si trafiki.

Sasa kibao cha 50, kinacholalamikiwa kuliko vyote. Eti kimewekwa ili watu wakamatwe! Kibao hicho kinakuambia umeingia makazi ya watu, hata kama nyumba huzioni kwa sababu ya mahindi. Kinaisha pale kilipo kibao cha kukifuta, si pale unapoona trafiki wameisha. Ukikutwa na kosa, faini ni shilingi 30,000 kwa kila kosa, hivyo makosa mawili ni 60,000. Utapewa namba ya malipo, ulipe kwa simu au benki. Usimpe askari fedha mkononi, na usikubali akuombe. Kama hulikubali kosa, hulazimiki kulipa. Sema hivyo, shauri liende mahakamani. Ukinyamaza tu, deni linabaki kwenye namba ya gari, na atakayesimamishwa nalo baadaye huenda ni shemeji yako uliyemwazima.

Usiku, kama njia huijui, laleni Morogoro au Iringa. Ramani ya simu inajua umbali. Haijui lori lililokufa bila taa. Mkiharibikiwa gizani, abiria washuke wakae mbali na lami, kisha pigeni 112. Pembetatu za kuakisi mwanga ziwe mbali vya kutosha dereva apate nafasi ya kupunguza mwendo, si hatua tatu nyuma ya buti. Matawi ya miti tumeyazoea wote, lakini usiku hayaakisi chochote. Na mawe mliyozuilia matairi, mkimaliza kutengeneza, yatoeni barabarani.