Matembezi ya kuchuma matunda na makuzi ya mtoto

Matembezi ya kuchuma matunda ni safari fupi ya kumpeleka mtoto shambani wakati wa msimu ili achume matunda kwa mkono wake. Uzito wote uko hapo kwenye kuchuma. Mtoto anayekaa mkekani akisubiri kumenyewa atashiba na kupunga upepo, lakini kazi yenye faida kwake watakuwa wameifanya wakubwa.

Faida ya mwili huonekana upesi. Kuinua upembo (mti mrefu wenye ncha ya kulabu wa kuangulia matunda), kunasa kikonyo kwa ncha yake na kuvuta bila kukwanyua tawi kunataka mabega, vidole na macho vifanye kazi pamoja. Mtoto wa miaka 3 huanza na mapera ya matawi ya chini, akijifunza kubana na kuzungusha kwa vidole vitakavyokuja kushika penseli.

Kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kuamua tunda lipi limefika. Chukua machungwa ya Muheza, Tanga. Ganda la chungwa hugeuka rangi vizuri linapopata usiku wa baridi, na kwenye joto la pwani linaweza kubaki kijani huku ndani limeiva kabisa. Mtoto akitegemea rangi atakosea. Inabidi apime uzito kiganjani, atazame jinsi ganda lilivyolainika na kung'aa, kisha aonje. Hapo anakusanya ushahidi na kufikia uamuzi wake.

Embe lina kanuni nyingine. Likishapevuka, yaani mabega yake yamejaa na kupanda juu ya kikonyo, laweza kuchumwa likiwa gumu na kuivia nyumbani kwa kuvundikwa. Chungwa likitoka mtini halizidi kuiva. Mwache mtoto achume chungwa changa na embe lililopevuka, ayaweke ndani siku kadhaa na kuyabonyeza kila asubuhi. Atajifunza kukisia, kulinganisha na kusubiri, na uchachu wa lile chungwa utamfundisha kuliko onyo la mzazi.

Mwanasaikolojia wa Kisovieti Lev Vygotsky (1896–1934) alieleza kwamba mtoto hujifunza vizuri katika mambo asiyoyaweza bado peke yake lakini anayaweza akisaidiwa. Upembo ni mfano mzuri: bibi anashika shina lake, mjukuu anaelekeza ncha. Msimu ujao bibi atalegeza mkono.

Lugha nayo hukua, kwa sababu maneno yanakuja pamoja na vitu vyake. Kuangua, utomvu, kikonyo, tofauti ya tunda changa, pevu na bivu: mtoto wa mjini aliyezoea matunda ya mezani hana pa kuyasikia haya. Mtajie wakati tunda liko mkononi mwake, na msimtungie mtihani baadaye.

Hata maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa kiota, wana nafasi yao. Wanauma kweli, ila pia hufukuza wadudu wanaoharibu miembe na minazi. Mtoto anayeelezwa hivyo hupata sababu ya kuzunguka kiota badala ya kukichokoa.

Pwani ya Tanzania msimu mkubwa wa maembe huwa kati ya Novemba na Februari, na mara nyingi unakutana na likizo ya Desemba. Mvalisheni mtoto viatu vilivyofunika vidole. Embe lichumwe na kikonyo kirefu, maana utomvu unaotoka kikikatika huwasha na kubabua ngozi. Watoto wadogo wasiachwe peke yao na matunda yenye kokwa zinazoweza kuwakaba. Mwulizeni mwenye shamba kama amepiga dawa karibuni, na mmwombe ruhusa mtoto akiwa anasikia, kabla hajagusa tawi.