Seana Bhraigh: mlima mfupi, siku ndefu

Mwaka juzi, mwishoni mwa Septemba, dada mmoja Mkenya, muuguzi anayeishi Glasgow, alinipigia simu akitaka nimpeleke Seana Bhraigh, mlima wa kaskazini mwa Uskoti. Alishafika kilele cha Uhuru, mita 5,895, kwa hiyo nilipomtajia kwamba huu haufiki hata mita 930 alicheka mpaka akakohoa. "Kaka, hicho si kilima tu?" Sikubishana naye. Nilimwambia aje na tochi ya kichwa yenye betri mpya, na chakula cha kumtosha mtu anayekwenda kulima. Siku ya siku, saa moja unusu jioni, tukiwa bado msituni na gari hatulioni, nikamwona mbele yangu akiiwasha ile tochi bila kusema neno.

Nilianza kazi hii Marangu, kwa kubeba mizigo ya watu, na sasa naongoza wapanda milima kaskazini mwa Uskoti. Karibu kila Mswahili anayenitafuta ana swali lile lile la urefu. Urefu huku hausemi mengi. Sir Hugh Munro alitoa orodha yake ya milima ya Uskoti inayopita futi 3,000, yaani mita 914.4, mwaka 1891, na leo orodha hiyo ina milima 282. Seana Bhraigh umeingia kwa mita kumi na kitu tu, tuseme kwa alama za huruma. (Hutamkwa kama "shena vrai", kwenye Kigaeli, lugha ya jadi ya huku, *bh* mara nyingi ni *v*.) Lakini kutoka maegesho ya Inverlael, pale ghuba ya Loch Broom inapokomea karibu na Ullapool, hadi kileleni ni kama kilomita 13 na nusu. Ukishatoka msituni hukutani na nyumba wala kibanda. Hizo kilomita utazitembea zote tena kurudi, na ukiwa umechoka.

Kilimanjaro mtu analipia mpango uliokwisha kupangwa. Kuna lango, kuna kitabu cha kusaini, kuna kambi zenye majina, mpishi yuko mbele yako na uji umeshachemka. Njia imekanyagwa ikakanyagika. Kinachokushinda kule ni hewa. Huku hewa ni tele, ila hakuna lango wala kiingilio. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kupita karibu popote, mradi apite kwa adabu. Mimi naipenda sana sheria hiyo. Tatizo lake ni kwamba usiporudi, hakuna mlinzi atakayehesabu majina jioni akaona moja limepungua.

Ndiyo maana naanza kupanga kutokea mwisho wa siku. Nakaa mezani na chai ya tangawizi na ramani ya Ordnance Survey, Landranger namba 20, ambayo sentimita mbili zake ni kilomita moja. Swali la kwanza ninalojiuliza ni: nataka kuwa garini saa ngapi? Kutoka hapo narudi nyuma.

Hesabu yenyewe ni ya mwaka 1892, ya William Naismith, Mskoti mpanda milima. Kwa vipimo vya leo ni saa moja kwa kila kilomita 5, na dakika moja ya nyongeza kwa kila mita 10 unazopanda. Kwa mtu mwepesi kwenye njia nzuri inafanya kazi. Kwa kundi la watu wa kawaida kwenye mboji iliyolowa mimi nahesabu kilomita 4 kwa saa. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 27, kwa hiyo saa sita na dakika arobaini na tano. Kupanda kwa jumla ni kama mita 1,150, kwa sababu kuna mabonde unayoshuka na kupanda tena wakati wa kurudi: karibu saa mbili. Weka saa moja ya kula, kufunga kamba za viatu na kusubiriana. Ni karibu saa kumi nzima.

Hapo ndipo saa yetu ya Kiswahili inapoleta vituko. Sisi tunahesabu toka jua linapochomoza, na pwani jua halituangushi: saa kumi na mbili limechomoza, saa kumi na mbili limezama. Ullapool mwezi Juni linachomoza kama saa kumi na dakika ishirini alfajiri na linazama saa nne unusu usiku. Desemba linatokea baada ya saa tatu asubuhi na kutoweka kabla ya saa kumi. Safari ile ile ya muda wa saa kumi inaingia kwenye siku ya Juni na kubakiza nafasi ya kulala mchana. Desemba haiingii hata ukiisukuma. Mwishoni mwa Septemba jua linazama kama saa moja na kidogo, na hapo ndipo watu wengi wanajidanganya kwamba wana muda.

Siku ile mpango wangu ulikuwa kuondoka saa moja asubuhi, kufika kileleni saa sita unusu, kurudi garini saa kumi na moja na robo. Halafu kuna saa ambayo naiandika kwa wino mwekundu: saa nane mchana. Popote tutakapokuwa saa nane, hata kama kilele kiko mita mia mbili mbele, tunageuka. Hii naisema kabla hatujafunga milango ya gari, watu wakiwa bado wana akili ya asubuhi. Ukiingoja mpaka kilele kionekane, hakuna atakayekusikia, na hata wewe mwenyewe hutajisikiliza.

Tulianza kwa baiskeli. Kilomita za mwanzo ni barabara ya msitu kando ya mto Lael, na baiskeli ya kukodi inakupunguzia uchovu zaidi wakati wa kurudi, kwa kuwa ni mteremko. Kisha njia inaacha bonde na kupanda kwa kupindapinda hadi kwenye mgongo unaoitwa Druim na Saobhaidhe, inashuka ng'ambo kwenye bonde la Gleann a' Mhadaidh, halafu inapanda tena kwenye Coire an Lochain Sgeirich, penye vidimbwi vilivyofuatana kama shanga. Majina haya yanatisha, lakini ukijifunza maneno kumi ya Kigaeli ramani inaanza kuzungumza nawe. *Druim* ni mgongo. *Lochan* ni ziwa dogo. *Coire* maana yake ya kwanza ni chungu cha kupikia: bonde la duara lililochongwa na barafu ya kale kwenye ubavu wa mlima, kuta tatu na uwazi mmoja. Ukiona *coire* kwenye ramani, jiulize uko ndani ya chungu au uko ukingoni. Ukingoni ni hatari.

Kwenye Gleann a' Mhadaidh kuna kijito. Asubuhi tulikivuka kwa kurukia mawe, hata soksi hazikulowa. Niliweka alama kwenye jiwe moja kubwa lililochongoka, maji yakiwa chini yake kama kiganja. Kileleni tulifika saa saba kasorobo, mawingu yakiwa juu, na dada akasimama kwenye ule ukuta mdogo wa mawe uliojengwa karibu kabisa na genge, akachungulia bonde la Luchd Coire chini yake. Alinyamaza kidogo. "Sawa," akasema, "si kilima." Tulikula chapati zilizokunjwa na yai. Mvua ilianza tukiwa tunafunga mikoba.

Ilinyesha kwa muda wa saa mbili na nusu, si ya kutisha, ile mvua ya kawaida ya magharibi ya Uskoti inayokuja kwa ubavu. Milima hii ni miamba na mboji tupu, maji hayana pa kunywea, yote yanateremka mara moja. Tuliporudi kwenye kijito jiwe langu lilikuwa limezama lote. Maji yalikuwa rangi ya chai ya rangi na yalikuwa yakisukuma mawe chini. Ukisikia mngurumo wa mawe yanayogongana ndani ya maji, usitie mguu. Dada alikuwa tayari amefungua mkanda wa mkoba. Nikamwambia hapana. Tulipanda kandokando ya kijito, dakika arobaini na zaidi, kwenye kinamasi cha magotini, mpaka kilipogawanyika kuwa vijito vitatu vyembamba, tukavivuka kimoja kimoja, kisha tukarudi chini ng'ambo ya pili. Hapo ndipo muda wetu ulipoliwa. Tangu siku hiyo nikipanga mlima wowote wenye mto, naandika pembeni mahali pa kuvukia pa pili, na naongeza saa nzima kama utabiri una mvua ya mchana.

Kosa lilikuwa langu. Utabiri ulisema mvua ingeanza saa kumi, na mimi nikautegemea utabiri kama ratiba ya basi. Naangalia ule wa MWIS (Mountain Weather Information Service), unaotolewa kwa ajili ya milima na umegawanywa kwa kanda, pamoja na ule wa Met Office wa milima. Jambo la kwanza ninalolisoma ni upepo. Maili 40 kwa saa, karibu kilomita 65, ni pale ambapo kutembea kunageuka kuwa mieleka. Halafu baridi: kwa kila mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi sita na nusu, kwa hiyo nyuzi 12 maegeshoni ni sita kileleni, na upepo wa maili 40 ukiongezeka mwili unasikia kama sifuri. Mtu aliyelowa kwenye hali hiyo anapoteza busara kabla hajapoteza nguvu. Anaanza kuchekacheka, kujikwaa, kukataa chakula.

Cha tatu ni mawingu, na hapa Seana Bhraigh una mtego wake. Baada ya vidimbwi njia inafifia kwenye uwanda wa juu, takriban mita 800, nawe unageukia kaskazini mashariki kuzunguka kichwa cha Cadha Dearg, genge lenye kina cha mamia ya mita. Wakati wa kwenda liko mkono wa kushoto, wakati wa kurudi mkono wa kulia, na nyasi zinakwenda laini kabisa hadi ukingoni. Kwenye ukungu huoni hata vidole vya buti lako. Kwa hiyo kipande hicho nakipanga nyumbani, mezani pale pale. Nakigawa vipande vya mita 300 au 400, kila kimoja na digrii zake za dira na kitu cha kukikamata mwishoni: kidimbwi, kijito, mahali mwinuko unapobadilika. Naandika kwenye karatasi iliyowekwa plastiki. Kwa hatua zangu, mita 100 ni kama mara 65 za mguu wa kushoto. Zako zipime kwenye uwanja wa mpira, kisha zipime tena kwenye nyasi ndefu, utashangaa. Simu yenye ramani ninayo pia, na pawabenki, ila baridi inamaliza betri na kioo kilicholowa hakisikii kidole.

Mkoba sitauandika wote. Koti na suruali ya mvua hata kama anga ni buluu, sweta la akiba ndani ya mfuko mkavu, kofia, glavu jozi mbili, filimbi, mfuko mkubwa wa plastiki wa kuingia mtu mzima akiumia. Kiangazi ongeza wavu wa uso, kwa sababu visubi wa huku ukisimama dakika moja bila upepo wanakula kope. Jioni jikague kupe. Na kuanzia Agosti hadi Oktoba uliza kuhusu uwindaji wa kulungu. Wenye mashamba huwa tayari kukuambia wapi usipite siku hiyo.

Ukipata shida, namba ni 999, unaomba polisi, halafu unasema uokoaji wa milimani. Wanaokuja ni watu wa kujitolea na hawatozi hata senti. Mahali ambapo simu haikubali kupiga, ujumbe mfupi huweza kupenya, lakini lazima uwe umejisajili mapema kwa kutuma neno *register* kwenda 999. Fanya hivyo leo, umekaa. Filimbi ni mara sita ndani ya dakika, dakika moja ya kunyamaza, kisha tena.

Na ile karatasi. Kila safari namwachia mke wangu karatasi yenye njia, idadi ya watu, rangi ya makoti, namba ya gari, na saa mbili: ya kutegemea kurudi, na ya kupiga simu polisi. Kati ya hizo mbili naacha saa tano, maana maegeshoni Inverlael simu yangu haikuwahi kushika mtandao na lazima niendeshe kwanza kuelekea Ullapool. Siku ile, saa ya kupiga simu polisi ilikuwa saa nne na robo usiku. Tulifungasha baiskeli gizani, dada akakataa kuvua buti kwa kuogopa hataweza kuzivaa tena. Simu iliponasa mtandao ilikuwa saa tatu na nusu. Mke wangu alipokea kabla haijaita mara ya pili. Alikuwa ameiweka karatasi mezani na miwani ameshavaa.