Kutaja Takriri Si Kuichambua

"Mwalimu, nimeonyesha takriri, tashbihi mbili na swali la balagha. Mbona alama ni chache?" Kila kundi ninaloliandaa kwa mtihani wa Kimarekani wa AP (masomo ya kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari), ule wa lugha ya Kiingereza na utunzi, huniuliza hivyo. Wamekesha wakikariri istilahi kurasa kwa kurasa, kama takriri, yaani kurudia maneno makusudi, na inaniuma kuona juhudi hiyo ikipotea.

Dhana: Ukitaja mbinu nyingi, umechambua

Hapana. Insha ya uchambuzi wa balagha, yaani mbinu za kushawishi kwa maneno, ina alama 6: 1 ya hoja kuu, 4 za ushahidi na ufafanuzi wake, 1 ya ukomavu wa fikra. Jina la mbinu peke yake halina alama.

Chukua hotuba ya Abraham Lincoln, rais wa Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, huko Gettysburg, 19 Novemba 1863. Watu walikusanyika kuyaweka wakfu makaburi ya askari waliouawa hapo mwezi Julai. Edward Everett, msemaji mkuu wa siku hiyo, alikuwa amehutubia kwa takriban saa mbili. Lincoln akasimama, akasema maneno yasiyofika 300, na katikati yake akatamka kwamba hatuwezi kuiweka wakfu ardhi hii, hatuwezi kuitakasa, hatuwezi kuitukuza.

Wanafunzi huandika: "Lincoln anatumia takriri ili kusisitiza ujumbe na kumvutia msikilizaji." Sentensi hiyo naikata kwa kalamu nyekundu kila ninapoikuta. Inafaa kubandikwa kwenye hotuba yoyote duniani, kwa hiyo haisemi lolote kuhusu hii.

Uliza kwanza: watu wale walifuata nini pale? Walikuja kuweka wakfu. Naye anawaambia mara tatu kwamba hawawezi, kwa sababu waliopigana hapo wamekwisha kuifanya kazi hiyo. Kila "hatuwezi" inawapunguzia waliohudhuria sherehe yao, mpaka wanabaki mikono mitupu. Ndipo anapowakabidhi kazi nyingine: walio hai wamalize kilichoachwa na wafu. Bila zile "hatuwezi" tatu, agizo hilo lingekuwa maneno ya heshima tu. Ukiandika hivyo umechambua, hata kama neno takriri hukulitumia.

Ushauri wangu, na sitauacha: andika kwanza msemaji anataka hadhira ifanye nini au iamini nini. Kisha nukuu maneno yanayoisukuma huko. Jina la mbinu lije mwisho, kama bado lina kazi.

Dhana: Takwimu ni logosi, machozi ni pathosi, cheo ni ethosi

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitaja njia tatu za kushawishi: logosi ni hoja, pathosi ni hisia, ethosi ni uaminifu wa msemaji. Hakugawa hotuba kwa rangi tatu. Idadi ya watoto waliokufa ni hoja, inatikisa moyo, na inaonyesha kuwa msemaji amefanya utafiti, vyote kwa pamoja. Acheni kupiga mistari na kuandika herufi pembeni.

Dhana: Dokezo ni pambo la msomi

Dokezo ni kugusia maneno au tukio ambalo hadhira inalijua. Martin Luther King, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, alipohutubia Washington mwaka 1963, mwanzoni alihesabu miaka kwa makundi ya ishirini, mtindo uleule wa kizamani aliofungulia Lincoln huko Gettysburg, akiwa mbele ya sanamu ya Lincoln, miaka 100 baada ya tangazo la Lincoln la kuwakomboa watumwa. Kwa dokezo hilo alikuwa akidai ahadi ambayo haijatimizwa.

Dhana: Kila mkosi ni kinaya

Kukosa basi siku ya mtihani ni mkosi. Kituo cha zimamoto kikiteketea, hapo kuna kinaya, kwa sababu kilichotokea kinapingana na kilichotarajiwa.

Dhana: Kauli ya kutendwa ni uandishi mbovu

Lincoln aliifungua hotuba ya Gettysburg kwa kurejelea Azimio la Uhuru la 1776: watu wote wameumbwa sawa. Hapo mtenda hatajwi, na hiyo ndiyo kauli ya kutendwa. Ibadilishe umtangulize mtenda, Mungu amewaumba watu wote sawa, na sentensi inahamia kwa Muumba, ilhali Lincoln alitaka tuwatazame watu na usawa wao.