Mkuu wa kikosi asiyependwa: familia za askari zifuate njia gani kabla ya operesheni

Tangu tuanze kampeni ya msaada wa sheria kwa familia za askari hapa Mombasa, malalamiko ya aina moja yamezidi mengine yote. Mama anavuka feri kutoka Mtongwe, anaketi, na hata kabla hajajitambulisha anasema kijana wake yuko kwenye kikosi kinachojiandaa kwenda Somalia, mkubwa wao hapendwi na mtu, na yeye anataka aondolewe kabla hawajasafiri. Wengine huja na karatasi iliyojaa sahihi za vijana wenyewe. Nia ni njema, na hakuna mzazi asiyetaka mwanawe aongozwe na mtu anayeaminika. Tatizo ni ile karatasi.

Kifungu cha 24(5) cha Katiba kinaruhusu sheria kuwawekea wanajeshi mipaka ambayo raia mwingine hana, ikiwemo mipaka kwenye Kifungu cha 37, yaani haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka maombi kwa mamlaka. Askari hana chama cha wafanyakazi. Hagomi, wala hapigi kura kumchagua mkubwa wake. Wawili wakiungana kukaidi mamlaka halali, neno linalotumika ni uasi. Sisemi kila orodha ya sahihi ni uasi. Nasema atakayeamua isomwe vipi si mama mtu, wala si mimi, na aliyetia sahihi atakuwa amemtayarishia mwendesha mashtaka kazi yake.

Raia naye hayuko nje ya hatari. Kifungu cha 47 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayemchochea kwa kukusudia mwanachama wa vikosi vya nidhamu afanye uasi, au kumshawishi aache wajibu na utiifu wake, anaweza kufungwa maisha. Maisha, si miezi sita. Kulalamika barazani kwamba fulani ni mkubwa mbaya si uchochezi, na watu wasitishwe kwa hilo. Kuwaambia askari wasipande magari mpaka aondolewe ni jambo jingine kabisa. Mjomba anayezunguka na kalamu nje ya kambi akikusanya majina ajue amesimama karibu na mstari huo.

Kesi ya askari ikifika mahakama ya kijeshi, nayo si chumba cha giza kama wengi wanavyodhani. Inatambuliwa na Kifungu cha 169 cha Katiba kama mahakama ya chini. Chini ya Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya ya mwaka 2012, anayeiongoza ni hakimu au wakili mwenye uzoefu wa miaka isiyopungua 10, aliyeteuliwa na Jaji Mkuu. Anayeshtakiwa akiwa afisa, wanaketi naye wajumbe wasiopungua watano. Akiwa askari wa kawaida, wasiopungua watatu. Aliyehukumiwa anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu. Hayo yote yanachukua muda, na muda huo wote mshahara, nyumba ya kambini na karo za watoto zinaning'inia.

Kuna hoja ninayoisikia mara nyingi mno: "Wakiungana wote, hawawezi kufungwa wote." Hawa wamesahau Januari 1964. Tarehe 20 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika, waliasi kambi ya Colito, Dar es Salaam, tarehe 23 ikawa Jinja, Uganda, na tarehe 24 ikawa Lanet, Nakuru. Walitaka mishahara bora, na wengi walitaka maafisa wa Kiingereza waondoke. Nani leo atasema dai hilo halikuwa na msingi? Lakini baadhi ya wa Lanet waliishia mahakama ya kijeshi na kifungo, na Tanganyika jeshi lenyewe lilivunjwa, likaundwa upya. Maafisa wale kweli waliondoka, ila wengi wa waliowaasi nao hawakubaki kazini kuona matunda yake.

Sasa niseme jambo ambalo wenzangu ofisini huliepuka: wakati mwingine familia zina haki. Kuna mkubwa asiyependwa kwa sababu anaamsha watu alfajiri na kukagua bunduki mara mbili. Huyo aachwe na kazi yake. Na kuna asiyependwa kwa sababu walio chini yake wameona hafiki mbele, hasikilizi taarifa, au anatoa amri leo na kuitangua kesho. Wa pili ni hatari, na majeshi yanajua hivyo kuliko sisi.

Mfano uko karibu na kwetu. Februari 12, 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Waingereza lilishambulia kilima cha Salaita, njia ya Taveta, kilichoshikwa na Wajerumani, likarudishwa nyuma. Aliyekuwa akiongoza uwanjani ni Wilfrid Malleson, mtu wa ujasusi kutoka India, si mtu wa vita vya mstari wa mbele. Wiki moja baadaye, Februari 19, Jan Smuts, jenerali wa Afrika Kusini, alishuka hapa Mombasa kuchukua uongozi wa juu kutoka kwa Michael Tighe. Smuts hakuwa hata chaguo la kwanza. Horace Smith-Dorrien, aliyeteuliwa kabla yake, aliugua. Mpango wa mashambulizi Smuts alioutumia kwa sehemu kubwa ulikuwa wa Tighe huyohuyo. Kwa hiyo wa juu alibadilishwa kabla ya operesheni, lakini Malleson aliachwa na brigedi yake. Machi 11, kwenye vilima vya Latema na Reata, mapigano yakiwa yamepamba moto, Malleson akasema ni mgonjwa, akaondoka. Ikabidi Tighe, aliyebaki akiongoza divisheni, aongoze mwenyewe, usiku ukiingia. Muda mfupi baadaye Smuts akawaondoa wote wawili, Malleson na Tighe. Mimi naona aliyestahili kuondolewa mapema alikuwa mmoja, na ndiye aliyebakizwa. Wanaopita Taveta kuelekea Holili wanaipita Salaita bila kugeuza shingo.

Tunisia, mwaka 1943, katika Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani walifanya tofauti. Jenerali wao Lloyd Fredendall aliwatumia wahandisi wake kumchimbia makao ndani ya mwamba, mbali sana na mstari wa mbele, na makamanda walio chini yake wakakosa imani naye. Baada ya kipigo walichopata kwa Wajerumani huko Kasserine, mkuu wao Dwight Eisenhower alimweka George Patton mahali pake Machi 6. Machi 17 wakaingia Gafsa, na Machi 23 wakapambana El Guettar. Patton alipata siku 11 tu za kujua watu wake. Fredendall hakushtakiwa, alirudishwa nyumbani kufunza askari, tena akapandishwa cheo. Wanaotaka kumwona mkubwa wao akiaibishwa hadharani wajue ndivyo majeshi yanavyofanya: mtu anahamishwa kimya, barua inasema "majukumu mengine", basi.

Siku hizo 11 zina bei yake. Bernard Montgomery alishika Jeshi la Nane la Waingereza Agosti 13, 1942, na hakuanza shambulio la El Alamein, Misri, mpaka Oktoba 23. Mkuu mpya lazima ajue maafisa wake, ramani, akiba ya risasi na maji. Malalamiko yanayotufikia wiki ya kuondoka, hata yakiwa ya kweli, mara nyingi yanakuta jibu gumu: kumbadilisha sasa kunaweza kuwaumiza vijana walewale mnaowatetea.

Kwa hiyo njia ni hii. Askari mwenyewe, mmoja, kwa jina lake, anapeleka lalamiko kwa mkuu wa kikosi. Ikiwa anayelalamikiwa ndiye mkuu wa kikosi, linapelekwa ngazi iliyo juu yake, na asiporidhika anaendelea kupanda. Wenzake wenye lalamiko kama hilo waandike kila mtu lake. Andika kilichotendeka: tarehe, mahali, amri ilikuwa ipi, nani alikuwepo. "Hatumpendi" si lalamiko, na wala "ana kiburi". "Alituacha bila redio doria nzima" ni lalamiko.

Mzazi au mke anaweza kuja kwetu kuuliza sheria, au kupeleka ombi Bungeni chini ya Kifungu cha 119, ambacho ni haki ya kila mtu. Lakini Bunge halitoi barua za uhamisho wa luteni kanali. Likilipokea ombi, litauliza maswali, na majibu hayaji kabla ya meli kung'oa nanga.

Na tafadhali, acheni kutuma kwenye makundi ya WhatsApp jina la kikosi na siku ya kuondoka ili "tuombe dua pamoja". Dua zisomwe nyumbani au msikitini, bila tarehe. Mwezi uliopita nilisomewa ujumbe wenye saa, lango na idadi ya malori, na aliyeusambaza alikuwa baba wa mmoja wa vijana waliokuwa wakiondoka.

Ukija ofisini, leta kitambulisho chako na maelezo yako mwenyewe kwa maandishi. Barua yoyote ya jeshi yenye muhuri wa siri ibaki ilikotoka. Hatuipokei, hata nakala. Karatasi za sahihi pia hatuzipokei.