Mafumbo katika maneno: kichwa inaelewa namna gani?

Mutu wa biro anakuambia «document yako iko tayari, sasa madeso ya bana?» (kwa Lingala, maharagi ya batoto), huku Goma hakuna mwenye atafikiria mambo ya jikoni, mukono inaenda mufukoni direct kutoa rushwa. Hiyo njo lugha ya mafumbo: maneno inasema kitu moja, batu banasikia ingine, na banasikia bila kusumbuka.

Wazo la zamani, lenye batu bengi balichukua kwa mwanafalsafa Paul Grice (andiko lake la 1975), ni kama kichwa inafanya kazi mara mbili: kwanza unachukua maana ya wazi, unaona haiingii, kiisha njo unatafuta yenye imejificha. Inaonekana kweli mupaka siku unaipima. 1982 mwanasaikolojia Sam Glucksberg na wenzake wa chuo kikuu cha Princeton balionyesha batu sentensi sawa «kazi fulani ni gereza», bakabauliza paka swali moja: vile imeandikwa, ni kweli ao hapana? Jibu ni hapana, hata mutoto anajua. Lakini batu balichelewa kuisema, balichelewa kuliko kwa uongo wa kawaida, juu ile maana ya fumbo ilikuwa imeshaingia bila kuitwa, na hapo haikuwa na faida yoyote, ilibapotezea tu muda.

Sasa chukua fumbo mupya: «shefu wetu ni Nyiragongo», ile volkano ya karibu na Goma. Mutu wa Goma hafikirii urefu wa mulima, wala watalii wenye banapandaka kuangalia lava. Anafikiria 22 mai 2021, ile posho mangaribi, mulima ulikuwa umenyamaza, hakuna mwenye alitangaza kitu, kiisha moto ukashuka mupaka Buhene, pembeni ya Goma, na batu banakimbia na matela kwa kichwa. Basi huyu shefu ananyamaza, ananyamaza, siku moja anapasuka. Katika yote tunajua juu ya ule mulima tumechagua jambo moja, na ni lile tulilipitia sisi bote. Mwambie mutu wa Lubumbashi ile sentensi, pengine ataelewa paka kama shefu ni mukubwa, hafikiwi.

Kwa mafumbo yenye tumeshazoea hakuna hata hiyo kazi. «Amekula pesa ya kartie», nani anafikiria meno? Mutafiti wa lugha Rachel Giora aliandika 1997 kama chenye kinakuja kwanza kwa kichwa ni maana yenye umezoea sana, ikiwa ya wazi ao ya fumbo, haijalishi, na mimi naona ana haki kuliko bale ba kusema eti mafumbo ni pambo tu la washairi.

Kwa fumbo lenye halijazoeleka, hadithi ya mbele njo inasaidia. Mutafiti Andrew Ortony na wenzake balipima hiyo 1978: ukitanguliza maelezo ya kutosha, batu banasoma fumbo mbio sawa na maneno ya wazi, ukitanguliza kidogo banachelewa. Kwa hiyo ule ndugu wa Lubumbashi mwandikie kwanza vile shefu alikaa kimya mukutano muzima, anaandika tu kwa kadaftari yake, ndiyo umutupie Nyiragongo.