Maji Yakitakata Haraka, Udongo Umeshikana

Mtu anayemimina vikombe au mabeseni kwenye kalibu za plasta huamka asubuhi akatazama ndoo yake ya uji wa udongo, yaani udongo uliokorogwa na maji. Akikuta udongo umetuama chini na maji yametakata juu, wengi husema uji umetulia vizuri. Hapo ndipo jicho linapodanganya. Maji yaliyotakata upesi ni dalili kwamba chembe zimeshikana madonge, na uji huo utaleta kasoro kwenye kalibu.

Chembe iliyoachana na wenzake huzama taratibu mno. Chembe ya udongo yenye kipenyo cha maikromita 2, yaani sehemu mbili za elfu za milimita, huhitaji saa 8 hivi kushuka sentimita 10 katika maji ya nyuzi 20 za Selsiasi. Zikishikana zikawa donge la maikromita 20, mwendo huohuo huhesabiwa kwa dakika. Kwa hiyo uji uliotawanyika sawasawa, ukiuzimua, huacha maji yenye ukungu hata kesho yake, na mashapo yake ni membamba na magumu, kijiti hakiyapenyi kirahisi. Ulioshikana huacha maji maangavu na mashapo manene, mepesi kama povu, kijiti kinazama bila kuzuiwa.

Sababu iko kwenye umbo la chembe. Kaolini, udongo mweupe wa vyombo, ni vibapa vidogo. Nyuso zake zina chaji hasi, lakini kingo zake huwa na chaji chanya maadamu maji hayajawa na ualkali. Ukingo hunasa uso wa jirani, na maji yanafungiwa katikati. Ndiyo maana uji huwa mzito ingawa maji yametosha. Silikati ya sodiamu, dawa ya kuzitawanya chembe, hufanya kazi tatu kwa pamoja: inaongeza ualkali, inafunika kingo, na sodiamu yake inachukua nafasi ya kalsiamu iliyokuwa ikiziunganisha chembe. Zote zikiwa na chaji hasi, zinasukumana.

Kupima, anza na chupa. Tafuta chupa 6 angavu za nusu lita, zilizo sawa kabisa kwa umbo. Kila moja itie gramu 25 za udongo mkavu uliochekechwa. Yeyusha gramu 1 ya silikati kwenye maji hadi ifike mililita 100, kwa kuwa mizani nyingi za karakana haziwezi kupima sehemu ndogo za gramu. Kila mililita 2.5 za maji hayo, zikivutwa kwa sirinji, ni asilimia 0.1 ya uzito wa udongo. Chupa ya kwanza usiitie kitu, ya pili tia mililita 2.5, ya tatu 5, endelea hadi 12.5. Jaza kila chupa maji ya kawaida unayotumia kazini hadi nusu lita, tikisa kwa dakika mbili, ziweke mahali pasipotikisika. Andika kimo cha mashapo na hali ya maji baada ya saa 1, saa 8 na saa 24. Vaa glovu na ulinde macho, maana silikati huunguza.

Chupa zinaonyesha mwelekeo tu. Uji uliozimuliwa hivyo haufanani na wa kazi, hivyo kipimo cha mwisho kitoke kwenye mtiririko. Changanya kilo 1 ya udongo mkavu na mililita 400 za maji, ongeza silikati gramu 1 kwa kila hatua, koroga dakika 5. Chukua kikombe kilichotobolewa tundu la milimita 4 chini, kijaze mililita 100, hesabu sekunde hadi kiishe. Kijaze tena, ziba tundu kwa dakika 15, kisha achia uhesabu upya. Sekunde za pili zikizidi za kwanza kidogo, vema. Zikiongezeka maradufu, uji unaganda ukitulia, nao utakataa kumwagika kutoka kwenye kalibu.

Kadiri unavyoongeza silikati sekunde hupungua, hufika chini kabisa, kisha hupanda tena, kwa sababu sodiamu ikizidi hupunguza nguvu ya chembe kusukumana. Wengi husimama pale chini kabisa. Kwa kumimina, simama kabla kidogo. Uji uliotawanyika kupita kiasi hujenga ukuta mzito, usiopitisha maji, unaojengeka polepole na kung'ang'ania kalibu. Kwa udongo mwingi jibu huangukia kati ya asilimia 0.2 na 0.5 ya silikati kwa uzito wa udongo mkavu. Lita moja ya uji iwe na uzito wa kilo 1.75 hadi 1.80, ikipungua, huenda wepesi unaouona ni wa maji mengi tu, si wa mtawanyiko. Kusugua uji kati ya vidole hakusaidii hapa: vidole vinahisi mchanga, havihisi madonge.

Maji nayo yana neno. Maji ya bomba hapa Mwanza hutoka ziwani, na Ziwa Victoria lina kalsiamu kidogo. Ya kisima mara nyingi yana kalsiamu zaidi, nayo hushikanisha chembe. Ukihama kutoka bomba kwenda kisima, rudia jaribio lote. Magadi ya sokoni, yale ya kulainishia maharage, yanavutia kwa bei, lakini hubeba bikaboneti na chumvi ya kawaida kwa viwango visivyofanana gunia kwa gunia, hivyo kipimo cha leo hakitafaa kesho.

Kosa linaloharibu ndoo nzima bila kuonekana ni kurudisha mabaki yaliyokwanguliwa kwenye kalibu. Plasta ni jasi, na jasi ina kalsiamu. Vipande vichache huyeyuka taratibu, na uji uliokuwa mzuri Jumatatu unakuwa mzito Ijumaa, mtu anaongeza silikati, unazidi kuganda. Mabaki hayo yawekewe ndoo yake, yasitumike hata kwa kufinyanga kwa mkono, maana vipande vya plasta hupasua chombo baada ya kuchomwa.