Lukemia kurudi nje ya uboho sio "uboho umekataa"

Huku kwetu Mtwara mgonjwa wa lukemia, yaani kansa ya damu, akishapandikizwa uboho India, akarudi, akapata nafuu, halafu baada ya mwaka na kitu akaota uvimbe, watu wanasema "uboho umekataa", na maneno hayaishii hapo, wanamgeukia dada yake aliyemtolea, mara damu yake haikuwa safi, mara alitoa kwa kinyongo. Nimeyasikia Mikindani, nimeyasikia Masasi, na yanaumiza familia ambayo imeshauza korosho zote kwa ajili ya matibabu.

Lukemia kurudi nje ya uboho maana yake kwa kifupi ni hivi, seli za lukemia ya mgonjwa mwenyewe zilizosalimika na matibabu zinaota tena sehemu nyingine ya mwili (ubongo, maji ya uti wa mgongo, korodani, ngozi, titi, mfupa) na uboho unaweza kuwa msafi kabisa wakati huohuo.

Kukataa ni habari nyingine. Uboho ukikataa, seli za mtoaji hazishiki, au zinashika kisha zinapotea, damu inashuka, mgonjwa anaongezewa kila mara. Sasa huyu wa nje ya uboho mara nyingi damu iko vizuri tu, hata kile kipimo cha kuangalia damu ni ya nani kinaweza kuonyesha yote ni ya dada, lakini kijana ana korodani moja imevimba, ngumu, haiumi, na anaificha kwa aibu. Mwingine anaamka kichwa kinagonga, anatapika, anaona viwiliviwili, mdomo umeenda upande, nyumbani wanahangaika na dawa za malaria. Mwingine ni vinundu vya zambarau kwenye ngozi basi.

Inatokea kwa sababu dawa nyingi hazipenyi vizuri kwenye ubongo na korodani, na kinga mpya iliyotoka kwa dada inazisaka seli za kansa ndani ya uboho vizuri kuliko huko pembeni. Yaani pale ilipofika imefanya kazi yake. Wala upandikizaji haukuuleta ugonjwa huu, uvimbe wa aina hiyo Allan Burns wa Scotland alishauandika mwaka 1811, enzi hizo hakuna anayepandikiza uboho popote.

Uvimbe unapigwa mionzi, ila dawa za mwili mzima nazo zinahitajika mara nyingi maana uboho wenyewe unaweza kufuata baadaye, kwa hiyo majibu ya uboho yakiwa mazuri na uvimbe upo msimrudishe mgonjwa nyumbani, ombeni uvimbe wenyewe upimwe.

Basi jamani tuseme ugonjwa umerudi nje ya uboho, na yule dada tumwache, kwanza madaktari wanaweza kumuomba tena chembe nyeupe zake za kumuongezea ndugu yake.